Mwalimu wa Kuzamia Hupimwa Nchi Kavu

Horohoro haina shule ya kuzamia. Ina malori yanayosubiri karatasi, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha na vibanda vya chai, na bahari yenyewe imejificha nyuma ya mikoko ya Jasini na Moa. Lakini kwa mtu anayetaka kujifunza kuzamia kwa mtungi, hapa ndipo njia zinapoachana. Ukivuka kuingia Lunga Lunga, mwendo si mrefu unakufikisha Shimoni na Wasini, kisha Diani, ambako maduka ya kuzamia ni mengi na yanagombea mteja. Ukirudi kusini, lami inakupeleka Tanga mjini, halafu Pangani na Ushongo, ambako shule ni za kuhesabu kwa vidole. Mwenye nauli zaidi huenda Unguja, akajikuta Nungwi akivutwa mkono na papasi watatu kwa wakati mmoja.

Kote huko utaoneshwa picha zilezile za kasa na matumbawe. Bei nazo hazipishani sana: dola 400 hadi 600 hivi kwa kozi ya kwanza, ile inayokupa ruhusa ya kushuka hadi mita 18 ukiwa na mwenzako, bila mwalimu. Na kote utaambiwa shule ni ya kimataifa. Yote hayo hayakusaidii kuchagua. Swali linalochambua pumba na mchele ni jingine, na wateja wengi huona haya kuliuliza: mwalimu wenu analipwaje?

Liulize kwa adabu, lakini liulize. Kuna mwalimu wa mshahara wa mwezi, na kuna mwalimu anayelipwa kwa kichwa, yaani kwa kila mwanafunzi anayetoka na kadi ya kufuzu. Huyu wa pili ana kila sababu ya kukufaulisha hata kama hujaiva. Ukishindwa kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena, ukahitaji asubuhi nyingine ya mazoezi, asubuhi hiyo ni yake, halipwi. Sisemi wote wanaolipwa kwa kichwa ni wabaya. Nimewaona walimu wa namna hiyo wakirudi majini na mwanafunzi mmoja mwoga mpaka jua likazama. Nasema tu kwamba mfumo huo unamtaka mwalimu awe mtu mwema kila siku, na shule iliyopangwa vizuri haitegemei wema.

Fuata hesabu kidogo. Tuseme kozi ni dola 450. Toa gharama ya somo na kadi, inayokwenda kwenye chama cha mafunzo ng'ambo. Toa petroli ya boti kwa siku mbili au tatu, posho ya nahodha na baharia wake, umeme au dizeli ya kompresa inayojaza mitungi, ada ya hifadhi kama mnazamia ndani ya eneo tengefu, na kamisheni ya hoteli au ya kijana wa ufukweni aliyekuleta. Kwa mwanafunzi mmoja, kinachobaki hakimlipi mwalimu siku zake nne. Kwa wanafunzi wanne kinalipa vizuri. Kwa wanane, boti ni ileile, mafuta yaleyale, mwalimu yuleyule. Faida yote ya biashara hii imekaa kati ya mwanafunzi wa tano na wa nane, na hatari nayo imekaa hapohapo.

Wanane kwa mwalimu mmoja si uvunjaji wa sheria. Ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa na PADI, chama kikubwa kuliko vyote, kwenye mbizi za mafunzo za baharini. Lakini ni kiwango cha maji matulivu na meupe, na mwalimu anatakiwa apunguze idadi hali ikichafuka. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, bahari yetu inavurugika. Siku nyingine hata mita tano huoni mbele. Mwalimu mwenye wanafunzi wanane katika maji hayo anaona watatu na kuwadhania watano. Mimi sikubali zaidi ya wanne, na msimu wa kusi nataka wawili. Duka likikujibu kwamba idadi inategemea hali ya bahari, liulize: wiki iliyopita ilikuwa wangapi? Jibu la haraka lenye tarakimu ni jibu la kweli.

Muda nao ni hivyohivyo. Kozi ya kwanza ina mbizi nne za baharini, na haziruhusiwi kufanyika zote siku moja. Zinahitaji siku mbili angalau. Kabla yake kuna nadharia, kuna mazoezi ya maji mafupi, kuna kuogelea. Anayekuahidi kumaliza yote kwa siku mbili anapaswa akueleze hayo mengine atayaweka wapi. Ukiona bei iko chini sana ya majirani, jua imepunguzwa kwa kukata mojawapo ya mambo matatu: siku zako, matunzo ya vifaa, au ujira wa mwalimu. Duka halina mahali pengine pa kupunguza.

Kuhusu chama, usisumbuke sana. CMAS ilianzishwa Monaco mwaka 1959, rais wake wa kwanza akiwa Jacques Cousteau. PADI ilianza Marekani mwaka 1966. SSI ikafuata mwaka 1970. Hakuna kati ya vyama hivyo kilicho serikali, na kadi zao si leseni za nchi yoyote. Kiwango cha kimataifa cha mzamiaji anayejitegemea, ISO 24801-2, kimevifanya vyama vikubwa vifundishe mambo yanayolingana, na kadi ya kimoja hupokelewa na duka la kingine. Nembo iliyo ukutani inakuambia kitabu gani kitatumika. Haikuambii lolote kuhusu mtu atakayekushika mkono kwenye mita kumi.

Mtu huyo ametokea wapi? Hapa wasiojua wanashangaa. Kwa kanuni za PADI, mtu anaweza kuingia kwenye mtihani wa ualimu akiwa na mbizi 100 na miezi sita tangu apate kadi yake ya kwanza. Mbizi 100 ni msimu mmoja wa mtu mwenye bidii. Kwa hiyo kuna walimu halali kabisa, wenye vyeti vyote, ambao mwaka jana wakati kama huu walikuwa hawajui kuzamia, na ambao wamekuja pwani hii kwa kaskazi moja na watakuwa Thailand au Misri kaskazi ijayo. Tena kuna wasio na kibali cha kazi, licha ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inayoratibu ajira za wageni. Hao wakisikia maofisa wako barabarani, kozi yako inahamia kwa mtu mwingine katikati ya mbizi ya tatu.

Upande wa pili yuko kijana wa hapahapa. Amezamia na duka hilo miaka minane. Anajua kila jabali, anajua mkondo unageuka saa ngapi baada ya maji kujaa, anajua kasa gani ana kovu. Lakini safari ya kutoka kadi ya kwanza hadi ualimu hugharimu maelfu ya dola ukijumlisha kozi, vitabu, mitihani na ada za kila mwaka, na mshahara wake ni wa shilingi. Anabaki kuwa kiongozi wa mbizi, mbeba mitungi, au nahodha. Na mara nyingi, nasema hili kwa kuwa kila mtu wa kazi hii analijua, yeye ndiye anayefundisha. Mwenye cheti anakaa juu kwenye boti au anaongoza kundi jingine, kisha jioni anatia sahihi. Kama shule ina walimu wazawa wenye vyeti kamili, waliolipiwa mafunzo na shule yenyewe, hiyo ni dalili ninayoiamini kuliko nyota zozote za watalii. Inaonesha mwenye duka anahesabu kwa miaka. Na kama haina, uliza swali la pili: nani atatia sahihi fomu yangu, na je, atakuwa ndani ya maji nami mbizi zote nne?

Huku kaskazini kuzamia kwa kulipwa hakukuanza na watalii. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth mpaka ghuba ya Manza, kati ya Tanga na mpaka, na nahodha wake akaizamisha mwenyewe kwenye maji mafupi ili adui aone imekwisha. Wiki zilizofuata wazamiaji walishushwa kutoa bunduki na risasi, na risasi zilizolowa zikafunguliwa, baruti yake ikaanikwa. Lakini hiyo ilikuwa vita. Kazi ya siku zote ya chini ya maji katika vijiji hivi, kuanzia Moa hadi Kigombe, ni ya pumzi tupu: kijana, miwani, mkuki wa pweza. Na hapa kuna jambo linalomtenga mwalimu anayeijua pwani na yule aliyehifadhi kitabu.

Kijana aliyezoea kushuka mita nane kwa pumzi moja haogopi maji, na hatari yake iko hapo. Tangu utoto amejifunza sheria moja: shikilia pumzi. Pumzi aliyoivuta juu husinyaa anaposhuka, na akipanda hurudi kuwa ileile, haimdhuru. Hewa ya mtungi ni kisa kingine. Kwenye mita kumi mgandamizo ni maradufu ya juu, na hewa anayovuta pale imeshindiliwa kwa kiasi hicho. Akiishikilia akapanda, itataka nafasi mara mbili, na mapafu hayana nafasi hiyo. Hahitaji hata kutoka mita kumi. Mita chache tu za mwisho zinatosha kumjeruhi, kwa sababu badiliko kubwa liko karibu na uso wa maji. Kutoka mita 30 kupanda hadi 20 hewa inaongezeka kwa theluthi moja. Kutoka kumi hadi juu inakuwa mara mbili.

Mwalimu hodari huanza na jambo hili kabla ya yote, na mwanafunzi akiwa mvuvi au mtoto wa mvuvi hulirudia mpaka lichoshe. Kuna wanaochukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, wakaifunga juu na kushuka nayo. Kwenye mita kumi imesinyaa. Halafu huijaza hewa kutoka kwenye mtungi kulekule chini, wakafunga kizibo, wakapanda. Mwanafunzi anaishika mkononi ikizidi kuwa ngumu, na kizibo kikilegezwa hewa inatoka kwa kishindo. Baada ya hapo hakuna haja ya hotuba. Na hatari ya mtungi haiishii kwenye mapafu: katika pwani hii kuna visa vinavyojulikana vya vijana waliovaa mitungi kufuata majongoo bahari bila kufundishwa na mtu, wakarudi na miguu isiyowatii kwa ugonjwa wa mgandamizo. Mwalimu anayewafundisha vijana wa huku bila kuvitaja anaficha nusu ya somo.

Ukitaka kuona ufundi wenyewe, omba kukaa siku moja kwenye boti kama mtazamaji kabla ya kulipa. Duka lenye kujiamini litakubali, pengine kwa bei ya kuogelea tu na miwani. Kaa upande wa kivuli, utazame.

Tazama maelezo ya kabla ya kushuka. Mwalimu mbovu huongea dakika ishirini, au mbili. Mzuri hueleza njia, kina, muda, ishara, na nini kifanyike mtu akipotea, kisha anawauliza wanafunzi wamrudishie. Sikiliza anavyowasemesha. Mama wa makamo aliyekuja na binti yake hataitwa "wewe pale". Ataitwa mama, ataulizwa masikio yanasemaje, na hatafanyiwa haraka. Nilimsikia kijana wa Pangani akimwambia mzee mmoja, "Mzee wangu, leo hatushindani na mtu, ukisema tusimame tunasimama," na mabega ya yule mzee yakashuka papo hapo. Tazama pia kama ishara zinafundishwa kwa wenyeji. Dole gumba juu, ambalo mtaani ni "poa", chini ya maji ni amri ya kupanda. Mwanafunzi mpya hulikosea karibu kila mara.

Wakishazama, tazama mapovu. Kundi lililofungamana hutoa mapovu mahali pamoja, yakisogea polepole kuelekea upande mmoja. Ukiona mapovu yametawanyika, moja kule, mawili huku, mwalimu anachunga badala ya kufundisha. Wakitoka, angalia nani anatoka mwisho. Anapaswa kuwa yeye. Angalia magoti na ncha za mapezi ya wanafunzi: yakiwa na mikwaruzo na vumbi jeupe la matumbawe, wamefundishwa wakipiga magoti. Shule za zamani zilifanya kila zoezi wanafunzi wakiwa wamepiga magoti mchangani, kwa sababu kundi kubwa ni rahisi kulisimamia likiwa limetulia chini. Mwalimu bora wa siku hizi hufundisha mazoezi mtu akielea, hagusi chini wala hapandi, kwa pumzi yake tu. Inachukua muda mrefu zaidi, na inataka wanafunzi wachache. Tunarudi kwenye hesabu ileile.

Na mtazame mwenyewe akiwa majini, kama umevaa miwani na unaweza kuchungulia. Mikono yake itakuwa imetulia. Anayepiga mikono bado anajifunza.

Maji ya mafunzo nayo yana hukumu yake. Huku mabwawa ni machache, kwa hiyo somo la kwanza hufanyiwa ufukweni, mahali unapoweza kusimama. Lakini bamvua ya Tanga hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita tatu. Palipokuwa na maji ya kifua saa tatu asubuhi, saa saba kinamama wanaokota chaza. Mwalimu mzuri anakupangia saa za masomo akiwa na jedwali la maji mkononi, na hukuambia kwamba kesho mtaanza mapema au mtachelewa. Anayekuambia "kila siku saa tatu" hajui bahari yake, au anajua na hajali. Pangani kuna mto pia: baada ya masika maji ya kahawia husambaa mbali, na mwalimu mkweli atakuambia usubiri au uende Maziwe.

Maziwe inastahili sentensi zake. Kilikuwa kisiwa chenye miti na mazalia makubwa ya kasa, kikatengwa kuwa hifadhi, kisha miti ikaisha na mchanga ukaliwa na mawimbi. Leo ni fungu linalofunikwa maji yakijaa. Kwa mwanafunzi ni pazuri, matumbawe hayako mbali na kina ni kidogo. Kwa mpima ubora ni kipimo: je, duka limelipa ada ya hifadhi na linakupa stakabadhi? Mwenye kuiba ada ya hifadhi hataona tabu kuiba muda wa chujio la kompresa. Tanga ilijulikana miaka mingi kwa uvuvi wa baruti, na kila mwamba uliobomolewa ni darasa lililofungwa. Shule isiyochangia ulinzi wa miamba yake inaishi kwa kula mtaji.

Mbizi ya kuonja, ile ya nusu siku inayouzwa kwenye mabwawa ya hoteli, nitaipitia haraka kwa sababu inaniudhi. Ina kikomo cha mita 12, na baharini wanafunzi wasizidi wanne kwa mwalimu. Ndiyo biashara yenye faida kubwa na uangalizi mdogo kuliko zote. Ukiifanya, taka mwalimu aliye umbali wa mkono mmoja muda wote, na usikubali kupigiwa picha naye huku wengine wakielea.

Vifaa havihitaji utaalamu. Mtungi una tarehe ya kupimwa iliyogongwa begani mwake. Kipimo cha shinikizo hufanywa kila miaka mitano, na ukaguzi wa ndani kila mwaka. Kipande cha mdomo cha rejuleta kisiwe kimetafunwa na wateja kumi. Pumua hewa ya mtungi kabla ya kwenda: isiwe na harufu wala ladha. Hili la mwisho ndilo zito zaidi kwetu, kwa sababu umeme hukatika, jenereta huwashwa, na jenereta mara nyingi iko ubavuni mwa kompresa. Moshi wake ukivutwa na bomba la kompresa, ule usio na harufu huingia kwenye mtungi, na ukivutwa chini ya mgandamizo huua kimyakimya. Zunguka nyuma ya duka. Tafuta mdomo wa bomba uko wapi na upepo unatoka wapi. Uliza kitabu cha saa za kompresa na lini chujio lilibadilishwa. Kama fundi anakionesha kwa fahari, umefika mahali pazuri.

Kwenye boti, nahodha hazamii. Boti tupu juu ya wazamiaji ni sababu ya kurudi nyumbani. Pawe na ngazi, kivuli, simu yenye mtandao au redio, na oksijeni. Usiridhike kuona sanduku lake la kijani. Omba lifunguliwe, utazame geji. Na uliza: mtu akipata ugonjwa wa mgandamizo leo, chumba cha tiba kilicho karibu ni kipi, kinafanya kazi, na mtamfikishaje? Jibu linapaswa kuwa na jina la mahali, namba ya simu na njia. Kwa mtu wa mpakani jibu linaweza kuwa la upande wa pili, na hapo mwalimu aliyewahi kufikiria jambo hili atakuambia pia nani wa kumpigia ili geti lisichelewe.

Kuna maswali mawili ya kumtega, na ninayapenda.

La kwanza ni la samaki. Kwa miaka mingi sasa wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa silakanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938, na hifadhi ya bahari ya mwaka 2009 inabeba jina lake. Muulize mwalimu kama utamwona. Samaki huyu anakaa kwenye vina vya mita mia moja na zaidi; wazamiaji waliomkuta Sodwana, Afrika Kusini, mwaka 2000 walikuwa na gesi za mchanganyiko na maandalizi ambayo mwanafunzi wa kwanza hapaswi hata kuyaota. Mwalimu atakayecheka na kukueleza sababu, mshike. Atakayesema "tukibahatika" anauza.

La pili ni la mlima. Mwambie unamaliza kozi asubuhi, na mchana unapanda Lushoto kupumzika kwenye baridi. Kila mwalimu anajua kusema usipande ndege: masaa 12 baada ya mbizi moja, 18 baada ya mbizi za siku kadhaa. Lakini onyo hilo linahusu kupungua kwa mgandamizo, si ndege. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na tahadhari ya ndege huhesabiwa kuanzia mita 600 hivi. Basi dogo linalokwea kona za Usambara kutoka Mombo linampeleka mzamiaji mahali pamoja na ndege, bila mhudumu wa kumuuliza. Hata Amani iko juu ya mita hizo. Mwalimu aliyesoma kitabu cha Ulaya ataangalia ratiba yako ya ndege tu. Anayefundisha Tanga na kuijua Tanga atakuuliza mwenyewe, kabla hujasema: "Dada, kutoka hapa unaelekea wapi?"

Mambo mawili ya karatasi. Siku ya kwanza utapewa fomu ya afya yenye maswali ya pumu, moyo, masikio, dawa. Ukijibu "ndiyo" kwa swali linalohitaji daktari, kozi inasubiri daktari. Kuna maduka ambako kijana wa mapokezi atakunong'oneza, "Andika hapana zote, usijisumbue." Hapo huna haja ya kuangalia mtungi wala bomba. Chukua mfuko wako. Vilevile uogeleshwe: mita 200 bila kutazama saa, au 300 ukiwa na miwani na mapezi, kisha kuelea dakika kumi. Duka lisilokuogelesha limekufaulisha kabla hujalowa.

Na siku ya mwisho italetwa fomu nyingine, yenye orodha ya mazoezi yote, tarehe na sahihi. Isome mstari kwa mstari, hata kama boti inapakuliwa na watu wana njaa. Kama kuna zoezi hukulifanya, au ulilifanya ukashikwa mkono mwanzo hadi mwisho, usitie sahihi. Sema kwa upole kwamba ungependa kulirudia. Mwenye kulipwa kwa kichwa atakuambia halina maana, utalizoea mbele ya safari. Yule mwingine atatazama jedwali la maji na kukuambia kesho mfike saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kupwa.